Goti, Imeandikwa

Preston, Jumanne, mvua ile isiyonyesha wala isiyoacha.
Saa tisa na robo alinirukia langoni kama kawaida yake,
akalaza kichwa begani, akanuka rangi na maziwa.
Mkobani, kati ya ganda la ndizi
na soksi ambayo si yetu, karatasi ya waridi:

Mpendwa mzazi au mlezi wa Saumu,
leo saa sita na dakika arobaini, uwanjani,
mwanao amegongana na mwenzake.
Palipoumia: goti.
Tiba: karatasi ya kufutia mikono, iliyoloweshwa maji baridi.

Hiyo tiba naijua. Shule hii hutibu kwayo
jino, jicho, tumbo, hamu ya kurudi nyumbani.
Na huyo mwenzake hana jina. Huwa hana. Siri ya serikali.

Nikamketisha mezani, nikapandisha suruali.
Goti la kulia, safi.
La kushoto, kovu la Septemba,
nalo lina karatasi yake, imo kwenye kopo la biskuti
pamoja na barua za uhamiaji.
"Panauma wapi?"
Akagusa nyuma ya sikio.
"Si goti?"
"Kichwa."
Nikasoma tena. Goti, imeandikwa.
Imetiwa sahihi: P. Hesketh.

Nisameheni. Miaka tisa katika nchi hii
nimefundishwa kuwa mdomo huomba, karatasi huamua.
Niliwahi kumtajia mtu nyuma ya kioo siku niliyozaliwa,
akatazama karatasi, akanisahihisha.
Basi nikabandika plasta kwenye goti zima la mwanangu,
nikalibusu,
nikamwachia shangazi yake, nikakimbilia basi.

Jioni ile watu walikuwa wema ajabu.
Mama aliyeketi nyuma yangu basini
aliniuliza kama kuna mtu wa kunipokea.
Ghorofani ninakosafisha ofisi, Gareth wa lindo,
ambaye salamu yake ni kuinua nyusi,
alinivutia kiti. "Pumzika. Unaona vizuri?"
Naona vizuri, nikasema.
Akaniletea chai yenye sukari ya harusi.
Nikanywa, nikijiuliza leo ni sikukuu gani
ambayo hakuna aliyeniambia.

Asubuhi langoni, mama yake Callum,
miaka miwili tunasimama bega kwa bega
na kuzungumza mvua tu,
alikuwa na macho ya mtu aliyekesha matangani.
"Kichwa," akasema, akininyooshea karatasi yake ya waridi.
Mwangalie usiku. Akitapika. Akisinzia kupita kiasi.
Alikuwa akimwamsha kila baada ya saa mbili,
jina lako nani, vidole hivi vingapi,
mpaka mtoto akalia kwa usingizi.
"Na kichwa hakina kitu! Ila goti, hebu lione."
Goti lilikuwa limechunika lote.

Tukatazamana.
Watoto wawili, karatasi mbili, kalamu moja yenye haraka.
Hapo ndipo magoti yalipoumia: yangu.
Nikamvuta Saumu, nikapapasa nyuma ya sikio.
Nundu. Ndogo, ngumu kama kokwa ya tende.
Usiku kucha mwanangu alilindwa,
ila katika nyumba isiyo yake,
na mwanamke nisiyejua hata jina lake.

"Saumu, unaona vizuri?"
"Shakwe saba," akasema, amechoka nasi,
akionyesha paa la shule.
Tukahesabu, mimi na yule mama, kwa vidole.
Walikuwa saba.

Kisha akanigeuza taratibu,
akabandua kitu kwenye sweta langu la jana,
nyuma ya bega, pale mtoto anapolaza kichwa:
stika ya duara, dubu mwenye bendeji,
kingo zimeanza kujikunja.
Leo nimegonga kichwa. Niangalieni.